Kigari cha Mtoto na Mchanga wa Pwani

Vigari vingi vya watoto vinavyouzwa Kariakoo, Mombasa mjini na kwenye maduka makubwa vimetengenezwa kwa ajili ya sakafu. Vinateleza vizuri juu ya vigae, na muuzaji atakisukuma kimoja kwa kidole mbele yako ili uone kilivyo chepesi. Kipeleke kigari hicho hicho Coco Beach Jumapili jioni, au Pirates kule Mombasa. Hatua chache tu baada ya kuacha njia ngumu, magurudumu ya mbele yamezama, mtoto amelalia mkanda, na mzazi hana budi kukibeba kigari pamoja na mtoto aliyemo. Nimewaona akina mama wengi wakikwama hapo, na wengi hudhani kwamba wao ndio hawana nguvu. Nguvu wanazo. Tatizo ni magurudumu.

Kwa hiyo ukienda kununua kigari utakachokwenda nacho pwani, inama. Anza kukikagua kutoka chini. Rangi, kitambaa, mahali pa kuweka chupa, kijimeza cha kuchezea, hayo yote yasubiri. Magurudumu kwanza, kisha njia ya hewa ya kumfikia mtoto. Mambo hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama mtoto atafika kwenye upepo wa bahari akiwa salama, na kama wewe utafika ukiwa bado na hamu ya kucheza naye. Mengine yanarekebishika kwa kanga, kwa kamba au kwa fundi.

Gurudumu dogo lina matatizo mawili mchangani. La kwanza ni wembamba. Chukua kigari cha kilo 7, mtoto wa kilo 9, na mfuko wa nepi, nguo na chupa wenye kilo 3 au 4: karibu kilo 20 zinakalia vipande vya plastiki vyenye upana wa vidole viwili. Lazima vizame. La pili ni kimo. Gurudumu la sentimita 15 kutoka juu hadi chini likizama sentimita 4, zaidi ya robo yake imefukiwa, na kila unaposukuma linakutana na ukuta wa mchanga. Gurudumu la sentimita 40 likizama kiasi hicho hicho, kilichofukiwa ni sehemu moja tu ya kumi. Litaupanda mchanga huo na kuendelea.

Tofauti hii ina asili yake. Kigari chembamba kinachokunjwa kama mwavuli, ambacho ndicho tunachokiona zaidi mijini kwetu, kilibuniwa mwaka 1965 na Mwingereza Owen Maclaren. Alikuwa mhandisi wa ndege, na alikuwa ameshiriki kubuni magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire. Alitumia mabomba ya alumini ili kigari kiwe chepesi, kikunjwe kwa haraka na kibebeke safarini. Alifikiria abiria, ngazi na viwanja vya ndege, na kwa kazi hiyo mpaka leo ni vigumu kukishinda. Mwaka 1984, huko Yakima katika jimbo la Washington nchini Marekani, Phil Baechler alitaka kukimbia akiwa na mtoto wake, akafunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari. Hapo ndipo vilipoanzia vigari vya magurudumu matatu makubwa, ambavyo kwa kawaida huwa na gurudumu la inchi 12 mbele na ya inchi 16 nyuma, au yote matatu ya inchi 16. Kigari cha ukoo wa Baechler mchangani kinakwenda. Cha ukoo wa Maclaren hakiendi, hata kama kimenunuliwa kwa bei kubwa.

Ukipata chenye magurudumu makubwa, tazama la mbele. Vigari vingi vya sasa vina gurudumu la mbele linalojigeuza kila upande ili kona za mjini ziwe rahisi. Mchangani gurudumu hilo linajigeuza kiubavu na kuchimba. Hakikisha lina pini au kitufe cha kulifunga lielekee mbele tu, na ukijaribu pale pale dukani. Kama halifungiki, kwa safari za pwani kigari hicho kitakusumbua.

Kuhusu matairi, nasimama upande wa tairi za upepo. Zipo tairi zilizojazwa sponji ngumu ambazo hazipati pancha kamwe, na wauzaji huzisifia sana kwa sababu hiyo. Kwenye barabara ya vumbi ni nzuri. Lakini tairi ya upepo ina faida moja ambayo ile ya sponji haiwezi kuwa nayo: unaweza kuipunguza upepo kidogo ufikapo mchangani, ikatanuka na kuukanyaga mchanga kwa eneo kubwa zaidi, kama wanavyofanya madereva wa magari wanaopita jangwani. Ukirudi barabarani unaijaza tena mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake. Pampu ndogo ya mkono inaingia kwenye mfuko wa nepi. Na pancha isikuogopeshe. Soma vipimo vilivyoandikwa ubavuni mwa tairi kabla hujalipa. Kama ni inchi 12 au 16, mara nyingi tyubu za baiskeli za watoto zinaingia, na fundi baiskeli wa mtaani kwako atakuhudumia. Kama ni kipimo cha ajabu ambacho fundi hajawahi kukiona, siku tyubu itakapopasuka kigari kitakaa stoo.

Sasa linakuja jambo ambalo miongozo ya kununua vigari iliyoandikwa Ulaya na Marekani hailigusi, kwa sababu wanaoiandika hudhani kila familia ina gari lenye buti kubwa. Kigari kinachofaa mchangani ni kikubwa, na wengi wetu tunakwenda pwani kwa daladala, matatu, bajaji au tuktuk. Mtu anayekwenda Kigamboni kwa pantoni atapita pale Magogoni, katikati ya mikokoteni, pikipiki na watu wenye haraka. Anayetoka Mombasa kisiwani kwenda Diani mara nyingi huvuka kwa feri ya Likoni. Kigari cha magurudumu matatu chenye kilo 11 au 12, kilichokunjwa, kinajaza nafasi yote ya miguu kwenye bajaji. Baadhi ya vigari hivi vina magurudumu yanayochomoka kwa kubonyeza kitufe, na hicho ni kipengele cha kulipia zaidi ukikiona, kwa sababu magurudumu yakitoka fremu inabaki bapa na inaingia nyuma ya kiti.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: unaishi umbali gani kutoka ufukweni, na unakwenda mara ngapi? Kama nyumba yako iko Jambiani, Bagamoyo, Shanzu au Msasani na pwani ni matembezi ya kila jioni, nunua kigari kikubwa. Kitakutumikia mpaka mtoto aweze kutembea mwenyewe, na kitapita vizuri zaidi kwenye njia za vumbi na mawe za mtaani kuliko kigari kingine chochote. Kama unakwenda kwenye sikukuu na likizo tu, usikinunue. Pesa hizo zina kazi nyingi nyumbani penye mtoto mchanga. Chukua kigari chepesi cha mjini, kitumie mpaka ukingo wa mchanga, kisha mvishe mtoto mbeleko.

Nasema hivyo kwa moyo wote, kwa sababu nimeona wazazi vijana wakiionea haya mbeleko kana kwamba ni dalili ya kukosa kigari. Juu ya mchanga mkavu hakuna kigari kinachoishinda kanga iliyofungwa vizuri. Haizami, haina kutu, mikono yako iko huru, na mtoto yuko kwenye mwili anaoujua. Mtoto ambaye shingo yake haijakaza abebwe mbele, wima, uso wake uonekane na kidevu kisigandamane na kifua. Aliyekwisha kukaza shingo na mgongo anaweza kwenda mgongoni kama bibi zetu walivyotubeba. Kasoro ya mbeleko ni joto: miili miwili ikigusana katika jua la Februari inatoka jasho, na mtoto hawezi kulala humo saa mbili wakati wewe unakula mihogo. Hapo ndipo kigari chepesi kilichobaki kivulini kinapofanya kazi yake. Kimoja kwa safari, kingine kwa mchanga.

Kama umebaki na kigari cha magurudumu madogo na huna budi kukivusha kipande cha mchanga mkavu, usikisukume. Kigeuze, ukivute nyuma yako. Ukisukuma kwa mpini, sehemu ya nguvu yako inayakandamiza magurudumu ya mbele yachimbe zaidi. Ukivuta huku mpini umeshushwa kidogo, magurudumu madogo ya mbele yanainuka na yale ya nyuma ndiyo yanayoburuzwa. Hakikisha kwanza mkanda wa mtoto umefungwa na kiti kimeinamishwa nyuma. Wakiwa watu wawili, mmoja ashike mbele na mwingine nyuma, wakinyanyue kidogo kwa pamoja.

Lakini mchanga wenyewe haufanani saa zote, na hapa sisi wa pwani tuna elimu ambayo tunasahau kuitumia. Mchanga uliotoka kuachwa na maji ni mgumu, hata kigari cha mjini kinapita juu yake bila shida kubwa. Mchanga mkavu wa juu, chini ya minazi, ndio unaomeza magurudumu. Maana yake ni kwamba saa ya kwenda ina uzito sawa na kigari ulichonunua. Kwenye pwani yetu kina cha maji hutofautiana mita 3 na zaidi kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua, na bamvua kubwa hukaribia mita 4. Ufuko uliouona mpana asubuhi unaweza kuwa utepe mwembamba wa mchanga mkavu jioni.

Mpangilio wake si wa kubahatisha. Kutoka Mombasa mpaka Unguja na Dar es Salaam, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi na hujaa sana karibu na saa kumi jioni, na kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za nusu mwezi, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: yanajaa asubuhi na kupwa jioni, ingawa hayaendi mbali. Kwa mwenye kigari, matembezi ya jioni yanafaa zaidi katika juma la nusu mwezi. Katika siku za bamvua, nenda asubuhi mapema, kama saa moja na nusu au saa mbili, maji yakiwa yanapwa na jua bado halijakuwa kali.

Tazama basi kinachotokea sikukuu. Idi-el-Fitri huja na mwezi mwandamo, na hivyo huja na bamvua. Familia zinamaliza kula, zinavaa, zinafika ufukweni alasiri, saa ile ile ambayo bahari inapanda mpaka juu. Mchanga mgumu wote uko chini ya maji, umati wote umebanwa kwenye mchanga mkavu, na akina mama wenye vigari wanahangaika katikati ya miguu ya watu. Siku hiyo acha kigari nyumbani, chukua mbeleko na mkeka. Idi-el-Hajj ni tofauti: iko tarehe 10 ya mwezi, maji huwa yamejaa karibu na adhuhuri na jioni yanaondoka, yakiacha nyuma mchanga uliolowa wa kutembezea kigari. Ukitaka uhakika wa saa ya siku fulani, majedwali ya maji yapo kwenye simu, na mvuvi yeyote unayemkuta anaosha nyavu atakuambia bila kutazama chochote.

Mashariki ya Unguja, kule Paje na Jambiani, maji hupwa mbali mno, na uwanja mkubwa wa mchanga mgumu unavutia kwenda mbele na mbele. Usifuate maji na kigari. Huko mbele kuna vidimbwi, mashamba ya mwani yenye vigingi na kamba, na makombe yanayochana tairi. Zaidi ya hayo, maji yanaporudi hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo chini, na unaweza kugeuka ukakuta yako mbele na nyuma yako. Tembea sambamba na ufuko, uwe na njia ya kupanda juu wakati wote.

Jambo la pili nililolitaja mwanzoni ni hewa, na katika makala hii nzima hili ndilo ninaloliomba likae kichwani mwa kila mzazi. Tuna desturi ya kufunika kigari kwa kanga ili jua na upepo visimpige mtoto. Nia ni njema na kanga ni nyepesi, lakini kigari kilichofunikwa pande zote juani kinageuka tanuri. Mwaka 2014 gazeti la Svenska Dagbladet la Sweden lilipima kigari kilichoachwa juani. Bila kufunikwa, ndani kilikuwa na nyuzi 22 za Selsiasi. Kilipofunikwa kwa kitambaa chepesi kilifika nyuzi 34 ndani ya nusu saa, na baada ya saa moja nyuzi 37. Hiyo ni Sweden. Dar es Salaam mwezi Januari, nje kivulini tu joto linapita nyuzi 30.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney nchini Australia walilirudia suala hili katika utafiti uliotoka mwaka 2023. Waligundua kwamba kitambaa kikavu kilichofunika kigari kiliongeza joto ndani yake, lakini kitambaa hicho hicho kilipoloweshwa maji joto lilipungua, na kikiwa pamoja na feni ndogo likapungua zaidi, kwa sababu maji yanapokauka hubeba joto. Kwa hiyo kanga yako ina kazi, ila ifanye kazi hiyo ikiwa imelowa, ikiwa upande mmoja tu, ule wa jua, na upande unaotoka upepo ukiwa wazi kabisa. Iloweshe tena kabla haijakauka. Na mkono wako uingie ndani kila baada ya dakika chache: gusa shingo na kifua cha mtoto, maana mikono na miguu haisemi ukweli kuhusu joto la mwili. Ukikuta pana jasho jingi au ngozi ya moto, mtoe, mvue, mpepee, mnyonyeshe. Mtoto aliyelegea asiyeamka vizuri, asiyekojoa kwa saa nyingi au ambaye utosi wake umebonyea apelekwe hospitali mara moja.

Kwa sababu hiyo, dukani chagua kigari chenye paa refu linaloshuka mpaka usawa wa magoti ya mtoto na chenye dirisha la wavu nyuma, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Kiti chenye wavu mgongoni ni bora kuliko kile chenye godoro nene ambalo pwani ni mzigo wa joto. Chagua rangi hafifu. Kitambaa cheusi hupendwa kwa sababu hakionyeshi uchafu, lakini gusa kiti cheusi na kifungo chake cha chuma baada ya nusu saa juani na utakiacha hapo hapo dukani. Ujue pia kwamba paa haliwezi kila kitu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mchanga mkavu huakisi kama asilimia 15 ya mionzi mikali ya jua na povu la bahari kama asilimia 25, hivyo mionzi humfikia mtoto kutoka chini na ubavuni hata akiwa chini ya paa. Nguo nyepesi ya mikono mirefu na kofia vinahitajika. Kwa walio chini ya miezi 6, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri kivuli na nguo badala ya kutegemea mafuta ya kuzuia jua. Na katika umri huo mtoto hapewi maji hata kukiwa na joto: ni maziwa ya mama tu, anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, jua la karibu na ikweta si mahali pa mtoto mchanga, hata kigari kiwe kizuri namna gani.

Mtoto ambaye bado hajaweza kukaa mwenyewe anahitaji kiti kinacholala chali kabisa, kwa sababu akisinzia akiwa ameketi kichwa huanguka mbele na kidevu huziba njia ya pumzi. Mkanda uwe wa sehemu tano: mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya miguu. Ule wa kiunoni peke yake haufai popote, sembuse mahali ambapo gurudumu linaweza kukwama ghafla na kumtupa mtoto mbele.

Breki ijaribu kwenye mteremko, kigari kikiwa na mzigo. Ufukweni usiitegemee peke yake. Kigari kilichoegeshwa kwenye mchanga uliolowa na kuelekezwa baharini kinaweza kuteleza mawimbi yanapokomba mchanga chini ya magurudumu, na paa lililofunguliwa linashika upepo, hasa miezi ya kusi. Egesha ubavu ukielekea bahari, juu ya alama ya maji ya mwisho, na usimwache mtoto humo peke yake hata kwa kwenda kununua madafu. Mfuko mzito usiutundike kwenye mpini: ukimtoa mtoto, kigari kinapinduka nyuma, na ukimwacha ndani, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayozama. Mzigo ukae kwenye kapu la chini.

Usiegeshe chini ya mnazi wenye nazi. Wageni hawalijui hili na wenyeji tunalisahau. Tafuta mkungu au mvinje, ila chini ya mvinje fagia kwanza vile vijitunda vyake vikavu ambavyo huchoma nyayo za mtoto akishushwa.

Wengi wetu tutanunua mitumba, na nauunga mkono uamuzi huo. Kigari cha mitumba kutoka Ulaya mara nyingi kina fremu imara kuliko kipya cha bei rahisi, na kwa bei ya kigari kipya cha magurudumu madogo, kwenye soko kama Kongowea au kwa wauzaji wa mitumba Dar, unaweza kuangukia cha magurudumu makubwa. Ila kagua kwa macho makali. Tafuta karatasi au chapa kwenye fremu inayoonyesha mwaka kilipotengenezwa, uzito wa mtoto kinachoweza kumbeba, na kiwango cha ubora. Vya Ulaya huandikwa EN 1888, na kwa kawaida hupimwa kwa mtoto wa hadi kilo 15 au kilo 22. Kikunje na kukikunjua mara kadhaa huku ukitazama bawaba za pembeni. Novemba 2009 kampuni ya Maclaren ilitangaza nchini Marekani kurekebisha vigari vyake vipatavyo milioni moja, baada ya taarifa za watoto 12 kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba wakati kigari kinakunjuliwa. Wenye vigari hivyo walipewa vifuniko vya kuzifunika bawaba. Vigari vya umri huo bado vinazunguka duniani, na vifuniko haviji navyo kila mara. Ukiona bawaba iko wazi na inabana, shona kitambaa kinene cha kuifunika au achana na kigari hicho, na mtoto asiwe karibu kinapokunjuliwa.

Vuta kila mkanda kwa nguvu, bonyeza kifungo, tikisa gurudumu upande hadi upande kusikia kama beringi imelegea. Kisha mwache anayekisukuma hasa akijaribu. Kama ni dada wa nyumbani au bibi ndiye atakayekuwa na mtoto siku nyingi, aje dukani, aushike mpini, akikunje mwenyewe kwa mkono mmoja akiwa amebeba kitu kwa mkono mwingine. Mpini unaomfaa baba mrefu unaweza kumuumiza bibi mabega.

Baada ya kukinunua, adui yake mkubwa ni chumvi. Fremu ya alumini haishiki kutu kama ya chuma, lakini skrubu na ekseli zake mara nyingi ni za chuma, na pale alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, huliwa haraka zaidi. Kwa hiyo usikiingize baharini hata mtoto akifurahia mawimbi. Beba dumu la lita 5 la maji ya bomba, na kabla ya kuingia kwenye bajaji mwagia magurudumu, ekseli na bawaba ili mchanga usisafiri nacho. Nyumbani kisuuze vizuri zaidi, kitambaa kikivuliwa na kufuliwa kwa sabuni kidogo, kisha kiache wazi, kimekunjuliwa, kivulini penye upepo mpaka kikauke. Kukikunja kikiwa na unyevu huzaa ukungu kwenye godoro na kutu ndani ya mabomba, mahali usipoweza kupaona.

Usipake grisi wala mafuta ya kupikia kwenye ekseli zilizo wazi. Mafuta hushika mchanga, na mchanga uliochanganyika na mafuta husaga beringi kila gurudumu linapozunguka. Tumia dawa ya silikoni ya kupuliza ambayo hukauka, inayopatikana kwenye maduka ya vipuri vya magari. Ekseli ikianza kulia au gurudumu likianza kuyumba, mpelekee fundi baiskeli kabla ya safari inayofuata. Kubadilisha beringi ni kazi ndogo, lakini ikivunjika mkiwa katikati ya ufuko na maji yanajaa, mtoto atabebwa, na kigari pia.